Mgomo wa Marehemu

Laurean alimuua mama yake miaka tisa iliyopita, mwezi wa tatu, kwa simu. Wakati huo mama mwenyewe alikuwa Arusha, mtaa wa Unga Limited, anakaanga maandazi ya kuuza, mzima kabisa. Mwanawe alikuwa Silver Spring, Marekani, ghorofa ya saba, anamweleza mwenyekiti wa Umoja wa Wanakaskazini kwa sauti ya kukatikakatika kwamba Bi Leokadia hatunaye tena. Umoja huo una desturi yake: mwanachama akifiwa na mzazi, wenzake huja kukaa msiba nyumbani kwake, hupika, huimba, na huchanga rambirambi. Basi walikuja. Walikaa siku tatu. Elieth, mke wake, alijifunga kanga kiunoni akalia mpaka macho yakavimba, na jioni ya siku ya pili akajifungia chooni akamwandikia marehemu ujumbe wa simu, akamwomba asitume chochote wiki hiyo maana mtandao ni mbovu.

Rambirambi ilifika dola elfu sita na mia nne, na ndiyo iliyokamilisha malipo ya kwanza ya nyumba ya Germantown. Na kwa kuwa Laurean alijua hakuna atakayetoa noti ya mia kumlilia mwanamke wa kiwandani, alimpandisha mama yake cheo palepale msibani, akamfanya mwalimu mkuu mstaafu. Picha waliyoiwashia mishumaa ilikuwa ya mwalimu aliyemfundisha darasa la tano. Hakuna aliyeuliza swali. Watu wa Umoja ule hawana tabia ya kuulizana maswali, kwa sababu kila mmoja analo lake asilotaka liulizwe.

Marehemu alikumbukwa tena mwaka jana, Elieth aliposhika mimba ya pili baada ya miaka kumi na moja. Kituo cha kulelea watoto kilichokuwa karibu kilitaka dola elfu mbili na mia tatu kwa mwezi, na bibi mzaa baba hadai kitu. Laurean, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akimtumia mama yake fedha za Krismasi ikifika Pasaka, alihangaikia viza ile kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kazini. Mama alitua uwanja wa ndege wa Dulles mtoto akiwa na wiki sita.

"Mama, mbele za watu wa hapa tutasema wewe ni mama mdogo," alimwambia palepale uwanjani, kabla hata hajampokea begi. "Ni mambo ya viza tu. Wakijua ni mama mzazi watasema umekuja kuhamia."

Bi Leokadia alikubali. Alikuwa na miaka sabini na moja, masikio yake yalikuwa yamekufa zamani kwa kelele za mashine, na mambo ya serikali ya Marekani hakuyajua. Aliyesoma ni mwanawe. Yeye mwenyewe ndiye aliyemlipia ada.

*

Nyumba ya Germantown ina ghorofa tatu na imebanana na za jirani pande zote mbili. Bibi alipewa chumba cha chini kabisa, karibu na mashine ya kufulia na mashine ya kukimbilia ambayo hakuna anayeikimbilia. Alikuwa amemletea mkwewe zawadi, doti ya kitenge kutoka marobota ya mwisho kabisa kiwanda kilipofungwa, aliyoitunza kwenye sanduku miaka thelathini na moja. Elieth alishukuru sana, akasema ni kizuri mno, na kesho yake akakitumia kufunikia ile mashine ya kukimbilia ili isiingie vumbi. Kila asubuhi bibi alipoamka alikiona hapo. Iliuma.

Kazi yake ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, Elieth anapotoka kwenda kwenye nyumba ya wazee anakofanya unesi, na iliisha saa moja jioni, Laurean anaporudi kutoka mjini, ambako huwasimamia watu sita wanaofagia jengo la ofisi. Kwenye Umoja anajiita meneja wa majengo. Bibi alimlea Ethan, akapika, akakunja nguo, akampokea Audrey, mjukuu mkubwa, akishuka kwenye basi la shule. Audrey alielewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na bibi hakujua Kiingereza, lakini wawili hao walielewana kuliko mtu yeyote mwingine mle ndani. Mtoto yule ndiye pekee aliyekumbuka kumgeuzia bibi uso anapozungumza.

Baba na mama yake waliona hilo ni taabu. Walizungumza Kiingereza juu ya kichwa chake mezani, bei ya hiki, kosa la kile, na wakitaka kumwagiza jambo walipiga kelele kana kwamba wanamwita ng'ombe. Yeye aliitikia kwa upole. Muda wake wa kukaa ulikuwa unaisha baada ya wiki tano, na Laurean alikwisha kujaza fomu za kuongeza miezi sita mingine. Hakumuuliza. Alimletea tu karatasi na kalamu, akamwonyesha pa kutia sahihi.

Mwezi huo Laurean alikuwa na shughuli nyingine kubwa. Mzee Anaeli, mwenyekiti wa Umoja, alikuwa anamaliza muda wake, na Laurean aliutaka uenyekiti kwa uchu wa ajabu. Ni cheo kisicho na mshahara, lakini mwenyekiti hukaa meza ya mbele na kuitwa mheshimiwa, na kwa mtu anayehesabu ndoo za maji ya kupigia deki kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, hilo si jambo dogo. Kila mgombea alitakiwa atoe hotuba kwenye mkutano mkuu, na Laurean alikuwa ameiandaa yake kwenye kompyuta yenye jina refu: Arusha, Historia, Uchumi na Utamaduni wa Mji Wetu.

Bibi alipita na chupa ya mtoto akaona kwenye kioo picha ya twiga, kisha mlima, kisha simba, kisha mnara wa saa. Alisubiri. Ikaja picha ya watalii wanakunywa kahawa. Akauliza viwanda viko ukurasa gani. Laurean alijibu bila kugeuka, na bibi akauliza tena. Safari hii aligeuka.

"Mama, hayo ni ya zamani. Watu hawataki kusikia habari za vibarua."

Kisha akamwambia mkewe jambo kwa Kiingereza, na Elieth akacheka. Bibi akaenda kumnywesha mtoto.

*

Mkutano ulifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, Silver Spring. Walikuwepo watu kama sabini, wanaume wamevaa suti na wanawake wamevaa vitenge vya China, na meza ndefu ya pilau na nyama choma imepangwa ukutani. Bi Leokadia aliwekwa kona ya nyuma na Ethan mapajani. Elieth alimwonya asizungumze sana, maana sauti yake ni kubwa, inatia aibu. Mtu anayezeeka bila masikio hajui sauti yake inafika wapi.

Pembeni yake alikaa mwanamke Mwafrika wa hukohuko Marekani, mwenye mvi za kusuka, jina lake Penda. Alikuwa amestaafu kazi ya posta, akajifunza Kiswahili kwenye masomo ya jioni, na kila mwaka alilipa tiketi ya mgeni ili aje azungumze na watu. Wanachama walimwitikia kwa tabasamu na kumcheka akigeuka, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kamili kuliko chao. Alimsalimia bibi shikamoo, akamuuliza kama anaweza kujua alifanya kazi gani ujanani. Katika miezi minne hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo, na bibi aliona machozi yanamlenga kwa swali dogo kama lile.

Akamweleza. Kiwanda cha nguo, idara ya kufuma, miaka ishirini na mbili. Mashine sita peke yake, zinakwenda zote kwa pamoja, na ukikata uzi mmoja umeharibu mita nzima. Penda akauliza kwa makini kama alikuwa akizihudumia mashine mbilimbili ama zote, na ni nani aliyeleta nyuzi, kwa sababu mama yake mzazi alifanya kazi kiwanda cha nguo huko Philadelphia, naye alikufa akiwa kiziwi. Wakakaa wakizungumza kama mtu na shoga yake. Penda akasema ameona kwamba mama anamtazama mdomo.

"Mashine mia mbili zinalia, nani atamsikia nani?" bibi alimjibu. "Tulisemeshana kwa midomo, mwanangu. Mtu yuko mwisho wa ukumbi anakuuliza umepika nini, na wewe unamjibu. Umbea wote wa Arusha ulipita pale bila sauti."

Laurean hakulijua hilo. Angelijua wapi? Alipelekwa shule ya bweni Moshi akiwa na miaka tisa, na likizo alikwenda kwa mjomba, na hakuna siku aliyokubali kupeleka mguu wake kwenye lango la kiwanda, asije akaonwa na wenzake. Alijua tu kwamba mama yake hasikii. Kwa hiyo aliposimama na Mzee Anaeli kwenye meza ya chakula, hatua thelathini kutoka kona ile, wote wawili wakiwa wamemwelekezea nyuso, hakuona sababu ya kujificha.

Bibi alitazama upande ule kwa kupenda kumwona mwanawe na suti yake mpya. Akauona mdomo wa Mzee Anaeli ukisema, laiti mama yako angekuwa hai leo akuone. Akadhani amesoma vibaya. Mzee alikuwa na nyama mdomoni. Akakaza macho. Mwalimu Leokadia, Mungu amlaze mahali pema, alisema mdomo ule. Mimi sisahau tulivyolia siku tatu kwako, na watu walivyochanga, hapajawahi kuchangwa vile. Na mwanawe akainamisha kichwa, akajibu: nashukuru sana mzee, miaka tisa sasa, huyu mama mdogo ndiye aliyenibakia, na yeye kichwa chake hakiko sawa tangu dada yake afe.

Bi Leokadia hakuwa na dada.

Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa. Kisha akakumbuka mwezi ule wa tatu na ujumbe wa mkwewe kuhusu mtandao mbovu, na aibu ikageuka hasira ambayo hakuwa ameionja tangu kiwanda kiuzwe. Wamemzika, wamemla, wamejenga, kisha wamemfukua aje kufua nepi. Alimkabidhi Penda mtoto.

*

Laurean alikuwa jukwaani na maiki. Projekta ilikuwa imemwaga twiga ukuta mzima. Alisema Arusha iko katikati kabisa ya Cape na Cairo, na watu wakapiga makofi kana kwamba wao ndio waliokwenda kupima. Alisema historia ya Arusha ni historia ya Azimio na mikutano ya kimataifa, uchumi wake ni utalii na vito, na utamaduni wake ni ukarimu. Kisha akafika pale alipokuwa amepakusudia.

"Sisi wa Arusha ni watu wa elimu na biashara," alisema. "Mimi nimelelewa na mwalimu. Hatukuwahi kuwa watu wa vibarua."

Hapo kona ya nyuma ikasimama. Haikuhitaji maiki. Ilikuwa sauti iliyozoea kushindana na mashine mia mbili, na ilifika jukwaani bila kuchoka.

"Umeruka viwanda," alisema Bi Leokadia. "King'ora kilikuwa kinalia saa kumi na mbili kasorobo, na Unga Limited nzima inatoka mlangoni. Kiwanda cha nguo, cha matairi, cha unga, cha bia. Sisi vibarua ndio tuliokuwa tunanunua nyama ya hao wafanyabiashara wako. Mishahara yetu ikichelewa siku mbili, soko zima linalala. Baadaye mitumba ikaja, king'ora kikanyamaza, mabati yakang'olewa yakauzwa chuma chakavu, na leo unatuonyesha twiga. Huyo twiga hajawahi kumlipia mtu ada."

Watu wawili watatu walicheka, wengine wakamgeukia. Yeye hakusikia kicheko wala minong'ono. Alikuwa anamtazama mtu mmoja tu.

"Mimi ndiye Leokadia. Sikuwa mwalimu, nilikuwa mfumaji. Huyo ni mwanangu wa kumzaa, na mimi sijafa."

Ukumbi ulikuwa kimya kwa muda wa kutosha kwa mtu kufanya jambo la haki. Laurean aliutumia muda huo kuteremka jukwaani taratibu, uso umejaa huruma, akamzungushia mama yake mkono mabegani na kuwageukia watu, maiki mkononi. Akawaomba wamsamehe mama mdogo. Akasema ugonjwa wa kusahau ni mtihani mkubwa, kwamba tangu msiba ule bibi huyu hujidhania yeye ndiye dada yake, na kwamba wao nyumbani wamejifunza kumpenda hivyohivyo. Akasema mke wake ni nesi, anaweza kuwaeleza kitaalamu.

Macho yote yakamwendea Elieth. Alikuwa ameshika sahani ya pilau. Kwa miaka kumi na saba ya unesi alikuwa amewaona wagonjwa halisi wa ugonjwa ule, amewalisha, amewafuta mate, na alijua mama mkwe wake ana akili timamu kuliko nusu ya watu waliokuwa mle ndani. Alifikiria mkopo wa nyumba. Kisha akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama daktari.

Watu wakapumua. Mwanamke mmoja alifuta machozi. Mzee Anaeli alisimama akasema vijana wa siku hizi huwatupa wazee wao kwenye vituo, lakini huyu amemleta hata mama mdogo mwenye maradhi, na mtu anayetunza hivi ndiye anayefaa kutunza Umoja. Makofi yalikuwa makubwa kuliko yale ya Cape na Cairo. Penda peke yake ndiye aliyesimama, mtoto begani, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba yeye amezungumza na mama huyu saa nzima na hakuona ugonjwa wowote. Mzee Anaeli alimjibu kwa adabu kwamba dada mpendwa, hayo ni mambo ya kifamilia, mgeni hawezi kuyaelewa. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Laurean alipata arobaini na nne, mpinzani wake kumi na tatu.

Bi Leokadia alikaa chini. Alikuwa ameyasoma yote midomoni, kuanzia huruma mpaka makofi. Audrey alikuwa amesimama pembeni ya kiti chake na soda mkononi, naye alikuwa ameyasikia yote. Alimtazama baba yake anavyopewa mikono, kisha akakaa sakafuni akaegemeza kichwa kwenye goti la bibi.

*

Jumapili Laurean aliitumia kusoma pongezi kwenye simu. Alijaribu mara moja kumwambia mama yake kwamba yale ya jana yalikuwa siasa tu, asiyaweke moyoni, na mama hakumtazama mdomo, kwa hiyo hakuambiwa kitu.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri Elieth alishuka na sare yake ya kazi, mkoba begani, Ethan mkononi, kama kila siku. Alimkuta mama mkwe amekaa kwenye kochi la sebuleni, amevaa koti alilosafiria na viatu, mikono ameiweka magotini. Alimnyooshea mtoto. Mikono haikunyanyuka. Akapaza sauti akidhani hajasikia, akamwambia mama, nachelewa.

"Mimi ni marehemu," alisema Bi Leokadia. "Marehemu halei mtoto."

Elieth alicheka, kwa kukosa la kufanya. Akamweka mtoto kwenye kochi karibu naye, akaanza kwenda mlangoni, akitegemea kwamba bibi ni bibi. Ethan akalia. Bibi alifumba macho. Kilio hakukisikia, lakini alikuwa anakihisi kwenye kochi, namna mwili mdogo ule ulivyokuwa unatetemeka pembeni ya paja lake, na ilimuuma mpaka ndani ya mifupa, kwa sababu alimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya nyumba. Hakunyanyua mkono. Waliwahi kupewa mashine nane badala ya sita, mwaka fulani, wakakaa chini hivihivi siku nne, na meneja aliapa kwamba hawataweza. Elieth alirudi kutoka mlangoni akamchukua mwanawe.

Akamwita mumewe. Kuanzia hapo walianza kuhangaika, na ilikuwa aibu kuwatazama. Elieth alimpigia msimamizi wa zamu, akaambiwa hii itakuwa mara yake ya tatu kukosa tangu arudi kutoka uzazi, na ya nne haitakuwepo. Laurean alikipigia simu kituo cha kulelea watoto mara tu kilipofunguliwa, akaambiwa nafasi itapatikana mwezi wa tano, na bei imepanda. Akakipigia cha pili. Cha pili kilikuwa ghali zaidi. Jasho lilimtoka akiwa amesimama na tai shingoni, na hapo tu, baada ya kusikia bei mbili, ndipo alipokwenda kupiga magoti mbele ya mama yake.

Aliomba radhi vizuri sana, ana kipaji hicho. Alisema alikuwa kijana, hana makaratasi, ana shida, shetani alimpitia. Alisema yuko tayari kumwita mama humu ndani, mbele ya watoto, kila siku, na kumhamishia chumba cha juu chenye dirisha.

"Hukuniua humu ndani," mama alimjibu. "Uliniua kikaoni. Kanifufue kikaoni."

Laurean alieleza kwamba haiwezekani. Watamfukuza Umoja. Watataka fedha zao, na kanisani hatatazamika, na Elieth naye atatajwa. Mama alimsikiliza kwa macho mpaka mwisho. Kisha akarudisha mikono magotini. Ethan alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, na Elieth, ambaye hajawahi kumpinga mumewe hata kwa jambo la chumvi, alisema bila kumtazama: "Waambie, Laurean. Mimi siwezi kupoteza kazi kwa ajili ya uenyekiti wako."

Kundi la Umoja kwenye WhatsApp lina watu mia moja na sitini. Laurean alishika simu akarekodi ujumbe wa sauti. Audrey alikuwa amesimama kwenye ngazi na begi la shule, na bibi alimwita kwa kidole, akamkalisha pembeni yake amwambie kinachosemwa, maana simu ilikuwa imemziba baba yake mdomo. Laurean alianza kwa kuwasalimu ndugu wapendwa, akasema miaka tisa iliyopita kulitokea mkanganyiko wa taarifa kutoka hospitali. Audrey akatikisa kichwa. Akamwambia baba yake, kwa Kiingereza, kwamba huo ni uongo, na akamtaka aanze upya. Mtoto wa miaka kumi na mbili. Laurean alifuta ujumbe.

Mara ya pili ilimchukua dakika moja na nusu. Alisema mama yangu mzazi ni Leokadia, hakuwa mwalimu, alikuwa mfumaji kiwandani, yuko hai, ndiye mliyemwona Jumamosi, hana ugonjwa wowote, na msiba ule niliutunga. Sauti ilimkatika kweli safari hii. Audrey alimgeukia bibi akamrudia maneno hayo moja moja kwa Kiswahili, cha kigugumizi, cha kwanza ambacho mtu yeyote aliwahi kumsikia akikizungumza. Laurean akatuma.

Simu ilianza kutetemeka mezani kabla hajaiweka chini. Wa kwanza aliuliza kama huu ni mzaha. Wa pili aliuliza rambirambi zinarudishwa lini, na kwa riba gani. Mzee Anaeli alipiga, na aliyoyasema yalisikika sebule nzima: hasira yake kubwa haikuwa kwa msiba wa uongo, ilikuwa kwa mtu kuyasema hayo hadharani kabla ya sherehe ya Krismasi, wakati ukumbi umeshalipiwa. Hakuna hata mmoja kati ya mia na sitini aliyemuulizia hali marehemu.

Bi Leokadia alinyanyuka. Alimchukua Ethan kutoka kwa mama yake, akamfuta kamasi kwa ncha ya kanga, akambusu kichwani mara nyingi, na Laurean alipoliona hilo alishusha pumzi na kuanza kutafuta funguo za gari. Elieth naye akashika mkoba. Bibi akamrudishia mtoto mikononi.

"Audrey amenibadilishia tiketi jana kwenye kompyuta," alisema. "Naondoka Jumamosi. Nilikuwa nangoja niwe hai, maana mtu hawezi kurudi kwao akiwa amekufa."

Akashuka chini kupanga begi. Laurean alibaki katikati ya sebule na funguo mkononi, akauliza leo mtoto atabaki na nani.